Mistari Minne ya Chaki

Baba yangu hakuwahi kuzima injini kwa swichi. Alifunga robineti ya petroli, akaiacha injini iendelee kunguruma mpaka imalize tone la mwisho lililobaki ndani ya kabureta, ikakohoa, ikanyamaza yenyewe. Akiona mtu anakimbilia swichi, alimshika mkono. "Usiinyonge," alimwambia. "Wacha imalize iliyo nayo."

Alikuwa fundi wa injini ndogo katika mtaa wa Waswahili, mjini Gitega, Burundi. Jenereta, pampu za maji, misumeno ya kukatia miti, vyote vilipita mikononi mwake. Masista wa misheni ya Mushasha walimletea jenereta ya shule, na mapadri mashine yao ya kukatia majani, ingawa yeye alikuwa Mwislamu wa sala tano na kofia yake haikutoka kichwani hata akiwa amelala chini ya injini. Walimwamini kwa sababu moja: alichokitengeneza kiliwaka kamba ikivutwa mara ya pili, au ya tatu kama ni asubuhi ya baridi ya kiangazi. Kazi zake nyingi hazikuwa za injini zilizochoka. Zilikuwa za injini zilizokaa. Mtu ananunua jenereta, anaifunika kitambaa kizuri kama bibi harusi, anaisahau mwaka mzima, halafu siku ya shida anavuta kamba mpaka bega linauma. Baba alimsikiliza, akafungua kabureta, akamwonyesha uchafu wa kahawia ulioganda ndani. Hakumsema. Mimi ndiye niliyewasema, kutoka jikoni.

Mimi ni binti yake wa pekee. Mikono nilichukua kwake, ulimi nilichukua kwa marehemu mama, na kila mtu mtaani alijua ni kipi kilikuwa na nguvu zaidi.

Petroli kwetu tunaiita esansi. Baba aliiweka katika debe la chuma la kijani, lenye kifuniko cha kukaza. Alilijaza mpaka shingoni, kwa sababu alisema hewa ikipata nafasi ndani ya debe ndiyo inayoiua esansi. Kisha alilikalisha ndani ya shimo alilochimba nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha nyasi, mbali na jiko la makaa. Kila Ijumaa akirudi msikitini, kabla hajagusa chakula, alifanya mambo mawili. Aliwasha jenereta ya nyumbani kwa dakika kumi, akafunga robineti, akaingoja inyamaze. Halafu alikwenda shimoni akachora mstari mmoja wa chaki kwenye debe. Mstari wa nne ukishachorwa, esansi ile haikuruhusiwa kulala pale tena.

Hakuimwaga, aliitoa. Alimwita mtu yeyote wa mtaani mwenye pikipiki, akampa debe zima. Yule aliitumia, akajaza mpya kituoni, akarudisha debe. Baba akafuta mistari kwa kiganja, akaanza upya. Mafundi wenzake walimcheka. Walimwuliza ni fundi gani anafuga esansi kama mbuzi, anaipeleka malishoni. Alicheka nao, na Ijumaa iliyofuata alichora mstari wake. Miaka yote niliyokaa kwake, sikuwahi kuona debe likiwa na mstari wa tano.

Niliolewa Muyinga. Mume wangu alikulia Tanzania, akarudi Burundi na wazazi wake akiwa kijana, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Mimi nikifungua mdomo hutoka Kirundi na Kifaransa pamoja, na tumetaniana kwa jambo hilo tangu siku ya posa. Tunauza maharage na mafuta ya mawese sokoni. Maisha yetu yalikuwa hayana makuu, na sikuwa nafikiria injini tena.

Kisha petroli ikaadimika nchini. Magari yalilala kwenye foleni za vituo, na madereva wakalala ndani ya magari. Na ndani ya miezi hiyohiyo, mapafu ya Baba yakaanza kumsaliti. Daktari alisema yameshupaa kwa moshi na mivuke aliyovuta miaka yote ile. Kaka yangu aliye ng'ambo alituma mashine ya oksijeni: kisanduku cheupe kinachovuta hewa ya chumbani, kikaisafisha, kikaipitisha kwenye mpira mwembamba mpaka puani. Kilitaka umeme. Umeme ukikatika kililia kama kifaranga aliyepotea, kisha kikanyamaza. Basi jambo lilikuwa wazi kwa kila aliyeingia chumba kile. Umeme ukienda, jenereta lazima iwake, na isipowaka, Baba hana pumzi.

Nikamwambia mume wangu nakwenda kumtunza. Hakubisha. Muyinga iko karibu na mpaka, na wakati Gitega haina tone, kwetu esansi ilifika juu ya baiskeli kutoka upande wa pili. Nikatafuta ya kutosha bidoni mbili za njano, zile zinazokuja na mawese. Nilizisugua kwa maji ya moto na majivu, nikazianika juani.

Mume wangu alisimama mlangoni akiziangalia. "Mke wangu, haya madumu yalikuwa ya mawese. Mafuta hayatoki hivihivi."

"Nimeyaosha mara tatu."

"Na kifuniko chake hakikazi."

"Ukipata ya chuma, niletee."

Ameoa Mswahili wa Gitega, anajua mahali pa kunyamaza. Alinitafutia nafasi kwenye lori la mtu wa kwao lililobeba maharage, tukapita njia ya Karusi, mimi mbele na dereva, bidoni nyuma chini ya turubai. Dereva hakuvuta sigara njia nzima. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na watu walikuwa mashambani wanapanda.

Nilipofika nilimsalimu Baba, nikamrekebishia mito, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kuweka bidoni zangu. Shimo lilikuwa tupu. Nilirudi chumbani bila hata kuvua viatu.

"Baba, debe liko wapi?"

"Limetoka."

"Limetoka! Inchi yote haina esansi, we umetoa debe?"

"Lilikuwa na mistari minne," alisema, kana kwamba nimemwuliza kwa nini amekwenda kuswali.

Alikuwa amempa jirani wa nyumba ya tatu, mtu mzima wa makamo, mzaliwa wa Itaba, Mkristo mpole mwenye maneno machache. Alikuwa dereva wa pikipiki, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwatoa wagonjwa vilimani Itaba na kuwaleta hospitali. Alikuwa ndani ya mzunguko wa lile debe tangu zamani. Lakini safari hii alikuwa amelichukua wakati hakuna kituo cha kujazia, na mimi niliona jambo moja tu: pumzi ya baba yangu imepanda pikipiki, imekwenda Itaba.

"Atarudisha," alisema Baba. "Esansi yangu haijapotea hata siku moja."

"Atarudisha kutoka wapi? Kisimani?" Nikamwambia kwamba kuanzia siku ile hakuna kinachotoka. "Akiba haiozi, Baba."

Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu. Alikuwa na tabasamu dogo. "Aliyesema hivyo hakuweka esansi."

Nilizifungia bidoni zangu kwenye chumba cha stoo, chini ya bati, kwa kufuli, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Stoo ile ilikuwa na joto, nilijua. Shimo lilikuwa na ubaridi wake, nilijua pia. Lakini shimo halina kufuli.

Sasa niseme nilivyofanya, maana hakuna mwingine wa kulaumiwa. Miezi ile ya kwanza Baba aliweza kukaa saa moja, hata mbili, bila mashine. Umeme ukikatika nilimketisha, nikampepea kwa mfuniko wa kapu, nikaungoja urudi. Sikuwasha jenereta. Kila tone niliona ni la siku mbaya zaidi, na siku mbaya zaidi ilikuwa daima mbele. Ijumaa nazo, zile dakika kumi za baada ya msikiti, niliziacha. Niliona ni kuchoma pumzi bure. Mara moja tu niliiwasha, siku umeme ulipochelewa mno, na uliporudi nilizima kwa swichi ili yaliyomo ndani ya kabureta yasipotee. Binti wa fundi. Niliinyonga kwa mkono wangu mwenyewe, na esansi ikabaki ndani inaganda.

Kila Ijumaa, mchana, Baba aliniuliza kutoka kitandani. "Ina mistari mingapi?"

Mara ya kwanza nilimjibu, "Mmoja." Ijumaa ya pili, "Miwili." Baada ya hapo nilimjibu "Miwili, Baba" wakati wowote alipouliza, na kila mara alitikisa kichwa polepole, akafumba macho. Hakukuwa na mstari wowote. Chaki yake ilikuwa juu ya dirisha, palepale alipoiacha.

Katikati ya msimu wa mvua kubwa, asubuhi moja, nilisikia pikipiki langoni. Alikuwa yule jirani wa Itaba. Alivaa koti la mvua, na nyuma ya kiti alikuwa amefunga mzigo uliofunikwa kwa nailoni. Nilidhani ni mzigo wa abiria. Sikumpa nafasi ya kushuka.

"Mzee iko namna gani?" aliuliza.

"Iko namna unavyoiona. We umekuja tena? Debe la kwanza bado halijarudi, umekuja kwa la pili?"

"Dada, mi ninge—"

"Ungetaka nini? Mnakunywa esansi ya mgonjwa mnasikia tamu? Baba yangu anavuta hewa kwa mpira, we unabeba watu kwa pumzi yake! Ondoka hapa. Na usirudi."

Nilisema mengi kuliko hayo. Majirani wawili walitoka kuangalia. Yeye alinitazama, akatazama dirisha la Baba, akaweka kofia ya pikipiki kichwani. Aliigeuza pikipiki kwa kuisukuma kwa miguu, bila kuwasha, mpaka alipopita kona.

Niliporudi ndani Baba aliniuliza ni nani. Nilimwambia ni mtu wa kuuza mkaa. Siku kadhaa baadaye aliuliza, "Yule wa Itaba hajaja?" Nikasema hajaja. Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza, nao nikauweka pamoja na ule mwingine.

Mvua zikaisha. Vumbi la kiangazi likaanza kuingia madirishani, na Baba hakuweza tena kukaa saa moja bila mashine. Hakuweza robo saa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, asubuhi, baada ya uji. Mashine ililia kile kilio chake cha kifaranga, ikanyamaza. Nilimketisha Baba, nikakimbia uani. Jenereta ilikuwa pale ilipotakiwa kuwa, chini ya ukingo wa paa, moshi ukielekea barabarani na si dirishani, kama alivyoipanga mwenyewe. Nilijaza tangi kutoka bidoni. Nikafungua robineti, nikavuta choki, nikavuta kamba.

Haikuwaka. Nikavuta tena, na tena. Nilitoa buji, plagi ya cheche, nikaikuta imelowa, nikaifuta kwa pindo la kanga, nikairudisha. Nikavuta mpaka kiganja kikachubuka. Injini ilizunguka kwa sauti kavu, haikupiga hata mara moja. Kutoka dirishani nilimsikia Baba akitafuta hewa. Ile sauti naisikia mpaka leo nikiwa peke yangu, na sitaieleza.

Kisha akagonga ukuta. Niliingia. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alinyoosha mkono, akafanya ishara ya kikombe. Nikaelewa. Nilimletea esansi kidogo ndani ya kikombe cha bati, akakisogeza puani mara moja tu, akakisukuma mbali.

"Imekufa," alisema.

Nilikinusa na mimi. Haikuwa na ule ukali wa esansi. Ilinuka vanishi ya zamani, na chini yake kulikuwa na harufu ya mawese.

"Mistari mingapi?"

Nikapiga magoti pale kando ya kitanda. "Sijui, Baba. Sijachora hata mmoja."

Hakukasirika, hakuwa na nafasi ya kukasirika. Alikusanya pumzi, na zote alizozipata alizitumia kwa maneno matatu. "Nenda kwa yule."

Nilikwenda bila viatu. Ni nyumba tatu tu, lakini sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Nilikuwa najua nitakachoambiwa, maana ndicho nilichomwambia yeye. Nilimkuta uani anaosha pikipiki kwa kitambaa. Nilifungua mdomo, na ule ulimi wangu wote ukaniishia.

"Baba," nilisema.

Alitupa kitambaa. Aliingia nyuma ya nyumba yake, akatoka na debe la kijani. La Baba. Kwenye ubavu wake kulikuwa na mstari mmoja wa chaki.

Nilisimama nikilitazama. "Hii umeipata wapi?"

"Iko ya Mzee," alisema, tayari anatembea. "Nilikuja kurudisha ile siku ya mvua. Ulinifukuza. Nikasema, dada ana huzuni, nitaichunga mi mwenyewe." Tulikuwa tunakimbia sasa, na esansi ndani ya debe haikucheza, kwa kuwa lilikuwa limejaa mpaka shingoni. "Kila mstari wa nne naiweka ndani ya pikipiki, natafuta ingine. Kama Mzee alivyonifundisha. Siku zingine nilipata ingine kwa shida. Nikasukuma pikipiki kwa miguu, lakini debe sikugusa."

Tulipofika alitaka kumimina mara moja. Nilimzuia, kwa sababu sasa mikono yangu ilikuwa imekumbuka ni ya nani. Tulimwaga tangi lote. Nilifungua kikombe cha chini cha kabureta, na ndani nilikuta kitu kama asali iliyoungua, kimeshika kila mahali. Jirani alikata uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli kuukuu iliyokuwa ukutani, akanipa. Niliuingiza kwenye lile tundu dogo ambalo esansi hupitia, tundu ambalo sindano haiingii, nikausukuma taratibu mpaka mwanga ukapita. Nikaosha kwa esansi mpya. Nikasikiliza dirishani, nikasikia bado kuna pumzi, fupi, kisha fupi zaidi. Nikafunga. Jirani akamimina.

Nilivuta mara ya kwanza, ikapiga mara moja ikaacha. Nilivuta mara ya pili, nikasema bismillahi kwa sauti, na jenereta ikawaka.

Mashine ikaamka chumbani. Nilimwekea Baba mpira puani, nikamshika mgongo, na baada ya muda ambao siwezi kuupima rangi ya midomo yake ikarudi. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na debe mkononi, hataki kuingia na harufu ya esansi. Baba alimwita kwa kidole. Akagusa ule mstari wa chaki kwenye debe, akauangalia unga mweupe uliobaki kidoleni mwake.

"Mmoja," alisema.

"Egome, Mzee," jirani aliitikia kwa Kirundi. "Mmoja."

Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, karibu na lile shimo tupu, mpaka nikasikia jirani anaondoka.

Debe likarudi shimoni. Bidoni zangu mbili niliziondoa kabisa, nikaonyesha watu kilichomo ndani ili asiwepo wa kuzitumia. Ijumaa niliwasha jenereta dakika kumi, ingawa umeme ulikuwepo, nikafunga robineti, nikaingoja inyamaze. Nikachora mstari wa pili. Baba aliniuliza kutoka dirishani ni mingapi, nikasema miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nifike ilikuwa kweli.

Jioni ile nilimkanda miguu, nikamwambia yote. Bidoni, chaki, mtu wa mkaa ambaye hakuwa mtu wa mkaa. Sikujitetea. Alinisikiliza macho yamefumba.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Mistari. Mtu aliyegusa chaki, akinigusa ananiachia vumbi. We hukuwa nalo." Alipumzika. "Na Ijumaa sikusikia injini. Mapafu yamekufa, masikio bado."

"Mbona hukusema, Baba?"

Alifungua jicho moja. "Pumzi ya kugombana na we nilikuwa nayo wapi?"

Nilicheka huku nalia, na yeye alitabasamu, kisha nikalazimika kumwacha kwa sababu kicheko kilimchosha. Sijui kama alinisamehe kwa kusema hivyo au alikuwa anasema ukweli tu. Nimeamua kwamba ni yote mawili.

Aliishi siku nne baada ya Jumanne ile. Daktari aliniambia angeweza kwenda wakati wowote, kwamba mapafu yalikuwa yameshafika mwisho. Nilimshukuru kwa kuniambia. Lakini hakuwepo saa ile ninavuta kamba, na mimi nilikuwepo. Siwezi kujua asubuhi ile ilikula siku ngapi. Nimelala na swali hilo Muyinga, nimeamka nalo, na mume wangu ameacha kuniambia nisahau.

Alikufa Jumamosi, alasiri, umeme ukiwa umekatika na jenereta inanguruma chini ya ukingo wa paa. Ilikuwa imewaka kamba ilipovutwa mara moja tu. Mashine ilikuwa inampa hewa mpaka mwisho, na mwisho ulikuja kwa upole. Alitoa pumzi, nami nikangoja aivute nyingine, hakuivuta. Nilimfumba macho. Nilimtoa mpira puani, na mashine ikaendelea kupulizia hewa kwenye shuka.

Majirani waliingia, Waislamu kwa Wakristo. Wamama wa upande wa Mushasha walinipa pole kwa Kirundi, "Mwihangane," wakanishika mikono. Yule wa Itaba alifika, akavua kofia yake ya pikipiki. Kelele ya injini ilijaza uani wote, na mtu mmoja akasema si heshima, sala haitasikika, izimwe. Jirani akainama kupeleka mkono kwenye swichi. Mazoea yalimponyoka siku ile, au ni huzuni.

"Usiinyonge," nilimwambia.

Akarudisha mkono, akasogea. Nilifunga robineti. Tulisimama pale, sote, na watu waliokuwa ndani wakatoka kuona kwa nini tumesimama. Iliendelea dakika mbili, labda tatu. Sauti ikapanda kidogo, kama inavyopanda daima esansi inapokaribia kwisha. Ikakohoa. Ikanyamaza.

Tulimzika kesho yake asubuhi. Ijumaa iliyofuata, wageni wa msiba wakiwa wamepungua, nilichukua chaki juu ya dirisha, nikaenda nyuma ya nyumba. Debe lilikuwa limebaki nusu, na kesho yake lilikuwa linaondoka na jirani kwenda Itaba, kwa wagonjwa wake, lisisubiri mstari wa nne kwa sababu debe la nusu lina hewa. Hapakuwa na haja ya kuchora. Nilipiga magoti nikachora mstari wa tatu, nikaukaza vizuri uonekane. Halafu nilibaki pale na chaki mkononi, nimegeuza sikio upande wa dirisha. Hakuna aliyeniuliza ni mingapi.